Matofali kwa Saa

Daftari la tanuri nimeligawa mara mbili.
Mbele: nani kachukua tofali, nani hajalipa, nani kahama na deni.
Nyuma, kwa kalamu nyekundu: mbingu inauzwaje.

Shule ya kwanza iko hapa hapa Kajjansi, ng'ambo ya mabwawa ya samaki.
Bei ya saa, ukiisikia, utadhani umeokota.
Kumbe ni bei ya ndege tu, ndege kavu,
kama mtu anayekuuzia chungu kisha akutoze mfuniko.
Mwalimu mbali. Mafuta mbali. Kutua mbali:
hata kurudi ardhini, ardhi ya kwenu, kuna ada.

Ya pili iko Entebbe, ina kiyoyozi na dada wa mapokezi.
Kila kitu kimo, anasema, na kila kitu ni kwa dola.
Dola ya Jumatatu si dola ya Ijumaa,
nami nauza kwa shilingi,
kwa watu wanaolipa nusu pesa, nusu ahadi.

Ya tatu ni Soroti. Weka nauli, weka chumba,
weka miezi ambayo tanuri litakuwa mikononi mwa kaka yangu Kiggundu,
anayehesabu matofali kwa macho.
Hapo nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.

Mwalimu Okiror alinionya: saa arobaini ni za kwenye karatasi,
wewe hesabu sitini.
Na saa huanza injini inapowaka,
si magurudumu yanapoagana na nchi.
Siku ya kujaribu tulikaa dakika kumi na moja mwisho wa njia
tukingoja kijana mwenye fimbo awafukuze korongo.
Dakika kumi na moja!
Nimewalipia korongo.

Basi nikabadilisha fedha kwa fedha ninayoijua.
Saa moja ni matofali elfu mbili na mia tano,
yaliyoiva, mazima, yasiyo na ufa.
Saa sitini ni laki moja na nusu.
Baba akalifunua daftari, akapiga hesabu yake kwa midomo:
nyumba kumi na nne za vyumba vitatu,
na banda la kuku kwa chenji.
“Nabbosa,” akasema, “ukishajua kuruka, utakwenda wapi?”
Sikuwa na jibu. Hata leo sina.
Nilitazama kote kwenye zile bei, jibu halimo.

Lakini zile dakika kumi na tisa zilizobaki niliruka.
Okiror akaniachia usukani, mikono yake akaiweka mapajani
kama mgeni aliyeshiba.
Chini, moshi wa tanuri letu ulikuwa uzi tu.
Na shimo la udongo, alilolianza babu kwa jembe,
akalipanua baba, nikaliongeza mimi,
lilikuwa alama ya kidole gumba kwenye tofali bichi.
Bandu bandu huisha gogo; sisi tumemaliza kilima.
Kivuli chetu kikaingia shimoni upande huu,
kikavuka maji ya mvua, kikatokea upande wa pili
bila kulowa.

Jana mtu alipiga simu kutoka Seguku. Anajenga.
“Tofali shilingi ngapi?”
Mia tatu, nikamwambia.
“Mia tatu hadi hapa kwangu?”
Hapana, mzee, hiyo ni bei ya tanurini.
Gari mbali. Kupakia mbali. Kushusha mbali.
Akanyamaza.
Nikamsikia, haki ya Mungu, akigeuza ukurasa.

Nikampunguzia ishirini, sijui kwa nini.
Kisha nikafungua nyuma, nikatafuta kalamu nyekundu:
saa moja, matofali elfu mbili mia sita sabini na tisa.